Mashindano ya Biashara katika Televisheni: Je, Mshindi Huchaguliwa kwa Haki?



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, hapa Rungwe Mpya, nilikuwa nafunga mlango wa madrasa aliponijia kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akasimama kimya kama mtu mwenye haja asiyejua aanzie wapi. Nikamwambia, "Sema mwanangu, baridi ya Kasulu haimngoji mtu." Akasema: "Maalim, nimeona katika televisheni ya dukani vijana wenzangu wanashindanishwa kwa biashara, na anayeshinda anapewa mtaji. Nataka kuuza mbuzi wawili aliotuachia marehemu baba, nipate nauli ya Dar es Salaam nikajiandikishe. Mama hataki. Anasema mshindi wa mambo hayo hujulikana kabla. Wewe wasemaje?"

Kijana huyo yuko kidato cha tatu. Sikumjibu usiku ule, maana mtu akikuuliza jambo linalogusa mali ya mayatima na masomo ya mtoto, si haki umjibu kwa dhana. Nilimwomba wiki mbili. Nikauliza, nikasoma, nikaketi mara kadhaa pale dukani nikatazama pamoja na vijana. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata, na nimeyaleta katika gazeti hili kwa kuwa najua kuwa huko pwani nako, Tanga na Mombasa, Unguja na Lamu, hakuna nyumba isiyokuwa na kijana mwenye swali kama hili.

Kwanza tuwape watu haki yao. Si kila kinachotoka katika televisheni ni upuuzi. Mwaka 2011 shirika la Femina Hip la Dar es Salaam, lile linalotoa gazeti la Fema, lilionyesha kipindi kilichoitwa Ruka Juu, ambamo vijana sita wenye biashara ndogo ndogo walishindanishwa kwa wiki kadhaa, na ndani yake watazamaji wakafunzwa habari za kuweka akiba, kuwahudumia wateja na kupanga hesabu. Mwaka huo huo wa 2011 shirika la Oxfam lilianzisha Mama Shujaa wa Chakula, shindano la wanawake wakulima, na mshindi wa kwanza alikuwa Ester Jerome Mtegule, mkulima wa Dodoma. Baadaye shindano hilo likaunganishwa na kipindi cha Maisha Plus, akina mama wakawa wanakaa kijijini mbele ya kamera na watazamaji wakiwapigia kura. Kenya nayo ilianza mwaka 2016 kipindi cha KCB Lions' Den, ambamo mwenye biashara alisimama mbele ya matajiri watano na kuwaomba watie fedha zao. Mtindo huo wa mwisho asili yake ni Japani mwaka 2001, kisha ukaenda Uingereza na dunia nzima.

Hebu tazama jambo la Mama Shujaa wa Chakula. Nchi hii inalishwa na wanawake wenye jembe. Hapa kwetu maharage, mahindi na muhogo vinavyopakiwa katika malori kwenda mijini vimepita katika mikono yao. Lakini lini umeona picha ya mmoja wao ikitundikwa ukutani? Kipindi kilichomweka mama mkulima mahali ambapo siku zote huwekwa mwimbaji na mcheza mpira kimefanya jambo la kheri, na anayekataa hilo hana insafu.

Lakini swali la kijana halikuwa hilo. Aliuliza: wanachagua kwa haki? Basi tulitazame.

Kushindana kwenyewe si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kwa Ibn Umar, Mungu awe radhi naye, kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi. Na tazama alivyofanya. Farasi waliokwisha kutayarishwa kwa mbio aliwapa masafa marefu, kuanzia Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa. Wale ambao hawakutayarishwa aliwapa masafa mafupi, kutoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii tukidhani ni habari ya farasi tu. Ndani yake mna kanuni tatu za haki. Ya kwanza, mwanzo na mwisho wa mbio ulijulikana kabla ya mbio. Ya pili, aliyetayarishwa hakushindanishwa na asiyetayarishwa. Ya tatu, mwisho ulikuwa ni mahali ambapo kila mwenye macho anaona nani kafika.

Na wanazuoni wakaongeza ya nne, kuhusu zawadi. Ikiwa kila mshindani ametoa chake, aliyeshinda akachukua cha wenzake, hiyo ni kamari. Ikiwa zawadi imetolewa na mtu wa nje asiyeshindana, na mshindani hapotezi kitu akishindwa, hiyo si kamari, ingawa wamekhitilafiana ni mashindano gani yanayofaa kutolewa zawadi, maana hadithi imetaja mishale, ngamia na farasi. Sitaingia katika khitilafu hiyo leo. Inatutosha kuwa tumepata mizani ya maneno manne. Tuvipime vipindi hivi kwa mizani hiyo.

Neno la kwanza: mwisho wa mbio unajulikana? Nyinyi mnaokaa pwani mnajua mashindano ya ngalawa. Aliyezunguka boya na kufika wa kwanza amefika wa kwanza, hata akiwa adui yako huwezi kumkanusha. Biashara haina boya. Mmoja ameuza vitumbua vingi kwa faida ndogo, mwingine ameuza viatu vichache kwa faida kubwa, wa tatu hakuuza kitu lakini ana fikra ambayo baada ya miaka mitano itaajiri watu mia. Nani kashinda? Hapo lazima aje mwamuzi, na akija mwamuzi mbio zimegeuka kuwa hukumu. Na hukumu ina sheria zake. Tumefunzwa kuwa makadhi ni wa namna tatu, na wawili katika watatu hao wamo hatarini: anayeijua haki akaiacha, na anayehukumu kwa ujinga. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mwamuzi ni mwaminifu. Uliza pia kama anajua anachokipima, na kama kipimo chake kimeandikwa mahali ambapo aliyeshindwa anaweza kukisoma.

Neno la pili: nani anashindanishwa na nani? Hapa naona upungufu mkubwa, na wala hauhitaji hila ya mtu yeyote. Chukua mama mmoja wa hapa kwetu anayenunua maharage kwa wakulima na kuyauza mnadani. Hajui kuandika, lakini mwambie bei ya debe ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na mbili, atakupa hesabu kabla hujatoa kalamu mfukoni. Kiswahili chake kina Kiha ndani yake. Akisimamishwa mbele ya kamera atainamisha uso, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa kusimama mbele ya wageni. Msimamishe kando yake kijana wa mjini aliyemaliza chuo, mwenye maneno yanayotiririka. Watu watampenda nani? Hapo farasi aliyetayarishwa ameshindanishwa na asiyetayarishwa kwa masafa mamoja. Hakuna aliyetoa rushwa, na bado haki haikutendeka.

Na kura za simu zinaongeza uzito upande ule ule. Anayepiga kura ni mwenye televisheni, mwenye umeme, mwenye simu na salio. Hao wako wengi mjini kuliko mlimani. Tena kura inayolipiwa ina kasoro yake nyingine: mwenye fedha aweza kupiga kura mara hamsini, na masikini akapiga moja. Hapo si watu wanaohesabiwa, ni mifuko. Na ikiwa kwa kutuma ujumbe mtazamaji analipa zaidi ya bei ya kawaida akitumaini naye kupata zawadi ya bahati nasibu, basi ndugu zangu, hiyo ni kamari iliyovaa kanzu. Tuwakanye watoto wetu.

Msidhani haya ni maneno ya mzee anayeogopa mambo mapya. Uingereza, nchi yenye sheria kali za utangazaji, mwaka 2007 kampuni ya televisheni ya GMTV ilitozwa faini ya pauni milioni 2. Watu walikuwa wanalipa kupiga simu kuingia katika mashindano, kumbe majina ya watakaofikiriwa yamekwisha chaguliwa kabla simu hazijafungwa. Maelfu walilipia bahati ambayo haikuwepo. Sura ya wapunjao imewaonya watu wa pishi na mizani, lakini upunjaji haukukoma katika pishi.

Neno la tatu: nani anaona? Katika mbio za farasi watu walisimama pale pale. Katika televisheni hatuoni mbio, tunaona habari ya mbio iliyokatwa na kuungwa. Siku nyingi za picha zinakuwa kipindi kimoja. Aliyeshika mkasi ndiye anayeamua tumwone nani akicheka na nani akikosea.

Marekani wametupa funzo mara mbili. La kwanza ni la zamani. Mwaka 1956 palikuwa na kipindi cha maswali na majibu kilichoitwa Twenty-One. Bwana mmoja, Herbert Stempel, alikuwa akishinda. Wenye kipindi wakaona uso wake hauwavutii tena watazamaji, wakamwamuru ashindwe na Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa nasaba na sura njema. Akashindwa kwa kukosea swali ambalo jawabu yake alikuwa anaijua. Van Doren akawa kipenzi cha taifa. Mwaka 1959 alisimama mbele ya kamati ya Bunge lao akakiri kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu kabla. Mwaka uliofuata, 1960, wakatunga sheria ya kuharamisha hila katika mashindano ya namna ile. Angalia kuwa Stempel mwenyewe naye alikuwa akipewa majibu siku alizokuwa akishinda. Hila ilipomfaa alinyamaza.

Funzo la pili ni la karibu. Mwaka 2004 kilianza kipindi cha The Apprentice, ambamo Donald Trump, kabla hajawa rais, aliwashindanisha watu katika kazi za biashara na kuwafukuza mmoja mmoja. Baadaye wahariri wa kipindi hicho walieleza kuwa mara nyingine alimfukuza mtu aliyefanya vizuri, bila sababu ya kueleweka, nao wakalazimika kurudi katika picha zilizopigwa na kutafuta makosa madogo ya mtu huyo, ili mtazamaji aone kuwa alistahili. Yaani hukumu ilitoka kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye. Kadhi akifanya hivyo tungemwita dhalimu.

Neno la nne: nani anafaidika? Mwenye kipindi anataka watazamaji, mwenye tangazo anataka wanunuzi. Mtu anayepima ana haja yake ndani ya kile anachokipima. Hii haina maana kuwa lazima atadanganya. Ina maana kuwa anahitaji kusimamiwa. Katika kipindi kama cha Kenya, matajiri wanaotia fedha zao wenyewe wana sababu ya kupima vizuri, maana wakikosea hasara ni yao. Lakini na wao wanapima faida yao, si ubora wa mja. Na ahadi inayotolewa mbele ya kamera bado haijawa mkataba: vitabu vya hesabu hukaguliwa baadaye, na katika vipindi vya namna hii ulimwenguni makubaliano mengi hubadilika au huvunjika. Makofi yakishapigwa, mtazamaji haambiwi yaliyofuata.

Utauliza: basi Maalim, unasema vipindi vyetu vimejaa hila? La hasha. Sina ushahidi wa hila katika Ruka Juu wala katika Mama Shujaa wa Chakula, na kumtuhumu mtu bila ushahidi ni dhambi kama ile ya kumpunja. Mama wa kijana yule aliposema kuwa mshindi hujulikana kabla, alisema kwa uchungu wa mtu aliyezoea kuona mambo yakipangwa, lakini hakuwa na hoja. Ninachosema ni kuwa dhulma ina milango miwili. Mmoja ni wa hila, huo watu wote wanaulinda. Wa pili ni wa kipimo kisichofaa, huo uko wazi usiku na mchana na hakuna anayeukaa mlangoni.

Na mlango huo wa pili niliupita mimi mwenyewe. Miaka mingi nyuma niliwekwa kuwa mwamuzi wa mashindano ya kuhifadhi Qurani ya watoto. Walibaki wawili. Mmoja alikuwa mwana wa mtu aliyetununulia mikeka ya msikiti, mwenye sauti ya kuliza watu. Wa pili alikuwa mtoto wa mkulima, sauti imekauka kwa vumbi la njia, lakini hakukosea hata herufi. Wa sauti nzuri alikosea mahali pawili. Nikampa ushindi yeye. Wallahi sikupewa senti moja, wala baba yake hakunisemesha neno. Nilijiambia kuwa watu wameguswa na kisomo chake, na kuguswa kwa watu nako ni kitu. Mtoto wa mkulima hakulia. Aliniamkia, akachukua ndara zake, akaenda zake, na madrasani hakurudi tena. Tulikuwa tumetangaza mashindano ya hifadhi, mimi nikahukumu sauti. Ndiyo maana nawaambia, mwamuzi haitaji kuwa mwizi ili adhulumu. Inatosha abadilishe kipimo katikati ya njia.

Sasa nije katika jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko la mshindi. Kipindi kina washindani sita, au kumi, au ishirini. Watazamaji ni maelfu kwa maelfu. Wataalamu wa chuo cha uchumi cha Bergen, Norway, pamoja na mwenzao wa Dar es Salaam, waliuchunguza mwendo wa Ruka Juu kwa wanafunzi wa shule za sekondari za Dar es Salaam. Baadhi walihimizwa kukitazama, wengine wakahimizwa kutazama kipindi kingine. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yana pande mbili. Waliotazama Ruka Juu walionekana kupata hamu zaidi ya biashara, wasichana hasa, ingawa haukuonekana ushahidi mkubwa kuwa walianza biashara zaidi ya wenzao. Hamu hiyo ni njema. Lakini masomo yao shuleni yalishuka, na wachunguzi hawakuona kwamba biashara iliziba pengo hilo vya kutosha. Na kipindi hiki ni katika vile vizuri, vilivyotengenezwa kwa nia ya kufunza! Seuze vile visivyokuwa na nia hiyo.

Kwa hakika haya hayakusababishwa na hila yoyote. Kila hadithi ya mshindi, hata akishinda kwa haki tupu, inamwonyesha mtazamaji mmoja aliyepanda na kuwaficha wengi waliobaki chini. Kijana anamwona mshindi, hamwoni aliyeuza mbuzi akarudi mikono mitupu.

Kwa wenye vipindi nina maneno matatu. Andikeni kipimo kabla ya mashindano, na mkisomeni hadharani baada yake, kila mshindani na alama zake. Wapangeni washindani kwa hali zao kama farasi walivyopangwa, mwenye chuo kwa mwenye chuo na mwenye jembe kwa mwenye jembe. Na rudini baada ya mwaka mmoja mtuonyeshe mshindi yuko wapi, na walioshindwa wako wapi. Liko shindano la Africa's Business Heroes, lililoanzishwa mwaka 2019 na wakfu wa Jack Ma wa Uchina, ambalo mwaka 2022 Mtanzania Elia Timotheo, mwenye kampuni ya kuuza matunda na mboga, alikuwa wa kwanza. Humo wanaofika kumi bora wote wanapata fungu, anayetangulia akapata kubwa zaidi. Mtindo wa kutomrudisha mtu mtupu baada ya kumtumia katika tamasha lako ni mtindo wa kiungwana.

Kwa wazazi nina neno moja. Msizime televisheni kwa hasira, ketini na watoto wenu mtazame pamoja. Mwulize mwanao: huyu kashinda kwa sababu gani? Nani kapima? Kapima nini? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatahadaika, si na televisheni wala na mwanasiasa.

Na kijana wangu? Alirudi siku ya ahadi. Nikamwambia: "Mwanangu, mama yako kakosea katika sababu lakini kapatia katika hukumu. Siwezi kukuambia kuwa mshindi hupangwa. Naweza kukuambia kuwa nauli unalipa wewe, na ukishindwa unapoteza mbuzi wawili na mwaka wa shule, wala mbuzi si wako peke yako, mama na ndugu zako wana fungu lao katika mirathi ile. Maliza kidato cha nne. Ukitaka kushindana, mbuzi mmoja ni jike, akizaa mwuze mwanambuzi kwa ridhaa ya wenye haki, ununue maharage wakati wa mavuno, uyaweke, uone mwezi wa kumi na mbili kama umeshinda. Mnada hauna kamera."

Akacheka kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Na wewe Maalim, yule mtoto wa mkulima ulimtafuta?" Nilikuwa nimewahadithia darasani zamani, kumbe alikuwa hajasahau. Nikamwambia nilimtafuta nikachelewa, walikuwa wamekwisha hama. Akanyamaza, akaniaga, akaenda.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaopima kwa haki, na atusamehe tulipopunja. Wabillahi tawfiq.